Kuzalisha kuku wa uani: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua wazazi hadi kifaranga kupanda kichanjani

Anayetaka kuanza kuzalisha kuku huniuliza kwanza habari za mashine: ipi nzuri, inachukua mayai mangapi, inageuza yenyewe au kwa mkono. Mimi humrudishia swali. Kati ya kuku wako, nani alitaga jana? Kama hajui, mashine isubiri.

Mwenye kuku elfu tano hawezi kumjua kuku mmoja mmoja. Wewe mwenye kumi na wawili unaweza, na hiyo ndiyo nguvu yako. Kifaranga mzuri hutokana na mtu aliyekaa uani akatazama, akaandika, kisha akajua yai lipi la kuatamisha na lipi la kukaanga. Ndiyo maana tunaanzia bandani asubuhi, na yai litachelewa kidogo kufika.

Hatua ya 1: Wajue kuku wako

Ukifungua banda asubuhi usiondoke. Simama dakika kumi. Nani katoka mbio, nani kabaki kichanjani, nani kaangusha mkia na kujikunyata kana kwamba anasikia baridi? Kuku huficha ugonjwa, maana mnyonge hudonolewa na wenzake. Ukimkuta amejikunja waziwazi mchana, ujue ameanza kuumwa siku kadhaa nyuma. Tazama kinyesi chini ya kichanja. Cha kawaida hushikana na huwa na kofia nyeupe juu. Kile cha kahawia kinachonata na kunuka vibaya huwatisha wageni wa kazi hii bure. Hutoka kwenye mifuko miwili ya utumbo inayojisafisha mara chache kwa siku.

Jioni wakishapanda, pitisha mkono kwenye shingo, palipo na kifuko cha kuhifadhia chakula. Wakati huo kinapaswa kuwa kimejaa, na alfajiri kiwe kimekwisha. Kikiwa bado kigumu asubuhi, chakula hakishuki. Ukiwa na tochi, piga jicho chini ya fito na kwenye nyufa za mbao: utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kunyonya damu usiku. Fito zenye unga wa kijivu na vidoa vya damu zinakueleza kwa nini utagaji umeshuka.

Kuku mzima hula takribani gramu 100 hadi 130 kwa siku na kunywa robo lita ya maji, zaidi wakati wa joto. Weka vyombo viwili vya chakula hata kama kimoja kinatosha. Mwaka 1921 Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika kwamba kuku wana ngazi ya ukubwa: wa juu humdonoa wa chini, na kila mmoja anajua nafasi yake. Penye chombo kimoja, wa ngazi ya chini hula makombo, na wewe utamhesabu kuwa mtagaji mbaya kumbe ana njaa.

Sasa daftari. Mvishe kila kuku pete ya rangi mguuni, na kila rangi iwe na ukurasa wake. Kujua nani kataga nini si kazi ngumu kama inavyosikika, kwa kuwa yai la kuku hufanana na lake la jana kwa umbo, rangi na madoa. Wawili wakikuchanganya, mpake mmoja rangi ya chakula kwenye tundu la kutagia, nayo itabaki kwenye ganda. Kumbuka pia kwamba yai huchukua takribani saa 24 hadi 26 kutengenezwa, kwa hiyo kuku hutaga akichelewa kidogo kila siku mpaka aruke siku moja, kisha aanze tena mapema asubuhi. Atakayetaga siku nyingi mfululizo kabla ya kuruka ndiye unayemtafuta.

Kama huna muda wa kuviziana na viota, mikono itakusaidia. Mshike kuku na uweke vidole kati ya mifupa miwili iliyo karibu na tundu la kutagia. Anayetaga ana nafasi ya vidole viwili au vitatu, mifupa imelegea, na tundu ni pana na lenye unyevu. Asiyetaga hubana kidole kimoja. Kwa kuku wenye ngozi ya njano, rangi nayo hutoa siri: anapotaga, njano huhamia kwenye viini na kufifia kwanza kwenye tundu, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomo, na mwisho miguu. Mwenye miguu myeupe mwishoni mwa msimu amefanya kazi. Mwenye miguu ya njano inayong'aa amekula tu.

Hatua ya 2: Chagua koo

Mama mzuri wa kuzalisha ametimiza mwaka na zaidi. Amepita msimu wa magonjwa, amepukutika manyoya na kuota mengine, na amerudi kutaga. Tembe anayetaga mayai yake ya kwanza hafai bado. Mayai yake ni madogo na vifaranga wake huwa wadogo. Msubiri mpaka mayai yavuke gramu 50 na yawe na umbo la kawaida.

Baada ya utagaji, tazama mwili: mgongo ulionyooka, vidole visivyopinda, mdomo usiopishana, macho angavu. Kisha tabia, ambayo watu wengi huipuuza. Kuku anayekula mayai, au anayepiga kelele na kujirusha kila ukipita, binti zake watakusumbua vivyo hivyo.

Wapo unaopaswa kuwaondoa hata kama wanataga kila siku. Kuku aliyewahi kuugua mafua makali ya kukoroma na kuvimba uso, akapona, anaweza kubaki na vimelea mwilini maisha yake yote. Bakteria kama Mycoplasma na baadhi ya aina za Salmonella hupita ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Kuku huyo aendelee kukupa mayai ya kupikwa vizuri, ila jina lake lifutwe kwenye orodha ya wazazi. Inauma, hasa kama ndiye umpendaye.

Hatua ya 3: Jogoo

Hapa ndipo nitakaa. Kila koo anachangia vifaranga wake tu, lakini jogoo yumo ndani ya wote. Ukikosea koo mmoja umeharibu sehemu ndogo, ukikosea jogoo umeharibu mwaka mzima.

Jogoo hatagi, kwa hiyo utajuaje kama ana damu ya kutaga? Mwulize mama yake. Chagua jogoo aliyezaliwa na koo mwenye ukurasa bora kwenye daftari. Ukubwa na rangi ya manyoya vije baadaye. Wafugaji wengi humbakiza pora (jogoo kijana) mkubwa kuliko wote, na baada ya vizazi vitatu wanashangaa wana kuku wakubwa wasiotaga.

Jogoo mmoja anatosha kuku majike 8 hadi 10. Wa aina nyepesi anaweza kumudu 12, mzito mpe 6 au 8. Majogoo wawili kwa majike watano ni mateso: migongo ya majike itanyonyoka na ngozi kuchanika kwa kucha. Hata jogoo akiwa mmoja, ana vipenzi vyake, nao utawaona kwa upara wa mgongoni. Punguza ncha ya vipi vyake (ile miiba ya miguuni) na kucha zake kwa kukata au kusaga ile sehemu iliyokufa tu, bila kufikia damu.

Mtazame akipata punje nzuri. Jogoo mwema huiokota na kuiangusha, akitoa sauti ya kuita, na kuwaachia majike. Anayekula peke yake na kuwakimbiza majike kwa nguvu huleta mayai yasiyo na mbegu, kwa sababu majike humkwepa. Na anayekurukia wewe au watoto, usimzalishe hata kama ni mzuri kama tausi. Ukali hurithiwa.

Kuhusu undugu: baba kupanda binti mara moja hakuharibu kundi, ila ukirudia mwaka baada ya mwaka utaona mayai yanakufa njiani, vifaranga dhaifu, na utagaji kushuka. Mwenye nafasi hugawa kuku makundi matatu. Binti hubaki katika kundi la mama yake, na kila mwaka majogoo vijana huhamia kundi linalofuata: la kwanza kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, la tatu kurudi la kwanza. Kwa njia hiyo kundi dogo hukaa miaka mingi bila damu ya nje. Mwenye banda moja hana anasa hiyo; abadilishane jogoo na mfugaji mwingine kila mwaka au kila baada ya miaka miwili.

Jogoo mgeni akifika, mtenge siku 30 mbali na wenzake, na umhudumie wa mwisho ili usiwabebee wengine vimelea kwa viatu na mikono. Kisha mweke nyuma ya wavu wiki moja waonane bila kugusana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, na kwa ufugaji kamba hiyo ni muda.

Jambo la mwisho, nalo huwashangaza wengi: mbegu za jogoo huishi ndani ya jike wiki mbili, pengine tatu. Ndiyo maana mayai yanaweza kuwa na uhai hata jogoo akiwa hayupo. Ndiyo maana pia, ukibadilisha jogoo, usubiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai, la sivyo hutajua baba ni nani. Kwa majike ambao hawajapandwa kabisa, mbegu huonekana kwenye mayai siku mbili au tatu baada ya jogoo kuingia, ila mpe siku kumi awafikie wote.

Kipimo cha bure kipo jikoni. Vunja mayai unayokula, uangalie doa jeupe juu ya kiini. Yai lisilo na mbegu lina doa dogo lililokolea, kingo zake hazieleweki. Lenye mbegu lina doa pana kidogo, duara safi lenye pete, kama shabaha. Matano kati ya sita yakiwa na pete, endelea. Yakiwa mawili, rudi kwa jogoo kabla ya kupoteza siku 21.

Hatua ya 4: Kukusanya mayai

Okota mara mbili au tatu kwa siku. Chagua ya ukubwa wa kati, ganda lenye uso laini lisilo na ufa, umbo la kawaida. Marefu sana, ya duara, na makubwa yenye viini viwili yaende jikoni. Usioshe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Uchafu mdogo ukwangue ukiwa mkavu, na yai lililopakaa kinyesi liache.

Yahifadhi sehemu yenye ubaridi wa wastani, nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Yabadilishe mlalo kila siku. Ndani ya siku saba yana nguvu, baada ya hapo uwezo wa kuangua unashuka kila siku. Andika kwa penseli tarehe na rangi ya pete ya mama. Wino wa kalamu ya felti usitumike.

Kabla ya kuweka hata yai moja, jibu swali hili: majogoo utawafanya nini? Takribani nusu ya watakaoanguliwa ni madume. Ukiangua tisa, wanne au watano watawika. Asiye na jibu leo atakuwa na vurugu baada ya miezi minne.

Hatua ya 5: Kuku akiatamia

Nikipewa nafasi ya kuchagua nachagua koo. Anageuza, anapasha joto, anaongeza unyevu, halafu analea, vyote bila umeme. Tatizo ni kwamba anaanza anapotaka yeye.

Kuku kulala kiotani siku moja hakumaanishi anaatamia. Dalili ni kubaki kiotani usiku, kujitandaza kama chapati, kuvimbisha manyoya na kunguruma ukimkaribia, kunyonyoka manyoya kifuani, na kutoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu mbaya anapotoka. Mpe mayai ya bandia siku mbili au tatu. Akikaza, muandalie.

Kiota kiwe chini, mahali penye kivuli na utulivu, mbali na wanaotaga. Kwanza shughulikia wadudu. Kuku aliyekaa siku 21 juu ya utitiri ama ataondoka au atafia hapo. Mhamishe usiku, gizani, pamoja na mayai ya bandia. Akipambazukiwa hapo na kutulia, usiku unaofuata yatoe ya bandia na uweke halisi yote kwa pamoja. Idadi isizidi anayoweza kufunika kikamilifu: 8 hadi 12 kwa wengi. Yai linalochungulia nje litapoa, kesho litasogezwa ndani na jingine litachungulia, mwishowe yote yatakuwa yamepoa kwa zamu.

Mayai uliyoyatia alama yatakuokoa hapa. Kuku wengine hupenda kumwongezea mayai, na la siku ya kumi halitasubiriwa. Kila siku ondoa lisilo na alama.

Chakula cha nafaka na maji viwe karibu. Hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20, anakula, anaoga vumbi, anarudi. Atakonda, ndivyo ilivyo. Ukiona hatoki kabisa siku mbili, mtoe mwenyewe kwa upole, ukihakikisha hana yai chini ya bawa. Kama una kuku wawili, waanzishe siku moja. Siku ya saba ukimulika mayai na kuondoa yasiyo na uhai, unaweza kumpa mmoja yaliyobaki yote, na mwenzake mayai mapya.

Na ikiwa anaatamia wakati hutaki? Kumwagia maji ni kumtesa bila sababu. Mweke siku tatu kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, na maji na chakula awe navyo. Akikosa joto la kifua, hamu huisha. Atarudi kutaga baada ya wiki mbili au zaidi.

Hatua ya 6: Mashine

Mashine nyingi ndogo hufanya kazi. Vipimo vyake ndivyo hudanganya. Kosa la nyuzi moja tu, siku 21 mfululizo, linatosha kuua au kulemaza. Kabla ya mayai, iwashe saa 24 na uiweke chumba chenye joto tulivu, mbali na jua na upepo. Weka kipimajoto cha homa na cha mashine ndani ya kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, ulinganishe. Kipima unyevu kijaribu hivi: lowanisha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa iwe tope, uifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, saa 8 hadi 12. Ndani ya mfuko unyevu hufika asilimia 75. Kikisoma 68, ujue kila siku unaongeza saba.

Yenye feni iwe nyuzi 37.5. Isiyo na feni, ambayo joto lake hupanda juu, iwe karibu 38.5 ukipima usawa wa migongo ya mayai. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 55 siku 18 za kwanza. Geuza angalau mara tatu kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili upande wa usiku ubadilike. Bila kugeuzwa, kiinitete hushikamana na utando wa ganda.

Umeme ukikatika, usifungue. Funika mashine kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa. Kupoa saa chache huchelewesha tu. Joto kuzidi nyuzi 40 ndilo huua haraka, kwa hiyo umeme ukirudi, baki hapo uone mashine isipitilize.

Siku ya 7 mulika gizani kwa tochi kwenye upande butu. Yai lenye uhai lina mishipa kama buibui na doa jeusi katikati linalochezacheza. Jeupe tupu halikuwa na mbegu. Pete nyekundu ya damu ni la aliyekufa mapema. Rudia siku ya 14. Sasa ni giza isipokuwa chumba cha hewa. Lolote linalonuka au kutoa majimaji litoe siku hiyohiyo, yai viza likipasuka ndani ya mashine hutasahau. Ukiwa na mizani, yai hupoteza karibu asilimia 12 ya uzito hadi siku ya 18: la gramu 60 libaki na kama 53. Likibaki zito, unyevu umezidi, na kifaranga anaweza kuzama ndani ya ganda.

Hatua ya 7: Siku tatu za mwisho

Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 75, funga, na uweke mikono mfukoni. Hii ndiyo nyumba isiyo na mlango ya kitendawili, na mwenye nyumba lazima atoboe mwenyewe.

Kwanza anapasua utando na kupumua hewa ya ndani ya yai. Utasikia kilio kutoka yai zima. Kisha hutoboa ganda, halafu ananyamaza. Hapo ndipo watu huharibu. Ukimya wa saa 12, hata 24, si kukwama. Anavuta damu iliyobaki kwenye mishipa ya utando na kuingiza kiini tumboni. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimsaidia mmoja, nikabandua ganda kidogo kidogo nikijiona mkunga. Alitoka damu, akafa mkononi, na mwenzake niliyemwacha akatoka mwenyewe jioni ile. Tangu hapo, naingilia tu kama amekata zaidi ya nusu ya mzunguko kisha akasimama saa nyingi huku utando umekauka kama karatasi, na hata hapo nalowanisha tu kwa maji vuguvugu.

Usifungue mashine kila anapotoka mmoja. Unyevu ukitoroka, waliotoboa wananatishwa na utando. Kiini alichokimeza kinamtosha siku mbili, hivyo aliyekauka anaweza kungoja wenzake.

Hatua ya 8: Wiki nane za kulea

Aliye na koo hapa atapumzika. Mhakikishie tu usalama dhidi ya mwewe, paka na panya, na mpe maji yasiyo na kina. Ukitaka kumwongezea vifaranga wa mashine, watie chini yake usiku, ndani ya siku mbili tatu za kuangua. Baadaye atawabagua, na kudonoa kwake huua.

Asiye na koo ana bruda, yaani kizimba chenye taa ya kuwapasha joto. Nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza tatu kila wiki mpaka kufikia 21. Soma vifaranga kabla ya kipimajoto: wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi, wakijitenga kwenye kuta wakihema midomo wazi, ni joto, wakitawanyika na kuchokonoa, joto linawafaa. Taa ifungwe kwa mnyororo, isining'inie kwa waya wake wa umeme. Mabanda huungua hivyo.

Sakafu iwe na maranda. Gazeti laini huwateleza na miguu hutanuka. Ikitokea, mfunge miguu kwa uzi laini kwa upana wa kawaida, siku mbili au tatu, ukimtazama. Kila kifaranga chovya mdomo wake majini mara moja anapoingia, na uweke vijiwe kwenye chombo asizame. Tazama makalio kila siku wiki ya kwanza. Kinyesi kikikauka na kuziba tundu, kilainishe kwa maji vuguvugu, usikivute.

Chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 18 hadi 20 mpaka wiki ya nane, kisha cha kukuzia. Chakula cha wanaotaga kina kalsiamu nyingi ambayo huharibu figo za asiyetaga. Wakichanganyika bandani, wape wote cha kukuzia na uweke maganda yaliyosagwa kwenye chombo chake. Wanaotaga watajua wenyewe.

Kati ya wiki ya tatu na ya sita angalia damu kwenye kinyesi. Ni koksidia, vimelea vya utumbo vinavyopenda sakafu yenye unyevu. Sakafu kavu ni kinga nusu, na dawa ya amproliamu kwenye maji hutumika mapema, haisubiri wafe. Chanjo ya ugonjwa wa Marek hutolewa siku ya kwanza. Za kideri, gumboro na ndui zina siku zake. Daktari wa mifugo wa eneo lako akupe ratiba, nayo ibandike mlangoni.

Hatua ya 9: Kuamua nani anabaki

Dume huanza kujionyesha kati ya wiki ya tano na ya nane: upanga kichwani mwekundu, miguu minene. Hakika kamili ni manyoya marefu yaliyochongoka kiunoni, karibu wiki ya 12. Asiyependa kungoja hivyo apange tangu mwanzo: jogoo mweusi au mwekundu asiye na mistari, akimpanda jike mwenye manyoya ya mistari myeusi na myeupe. Jeni (kirithishi) ya mistari mama huwapa wanawe wa kiume peke yao, kwa hiyo siku ya kwanza madume wana doa jeupe kichwani na majike hawana. Inafanya kazi kizazi hicho kimoja tu, usiwachanganye hao kwa hao ukitegemea madoa tena.

Mapora wakianza kuwika watenge na majike. Bakiza wawili wa mama bora, mmoja wa akiba.

Matembe waingie kundini wakiwa wamekaribia ukubwa wa wenyeji, wengi kwa pamoja wala si mmoja, baada ya wiki ya wavu. Wapandishe kichanjani usiku. Kila mmoja apate sentimita 20 hadi 25 za fito, na kiota kimoja kwa kila wanne au watano. Siku mbili za kufukuzana ni kawaida. Damu si kawaida: ikionekana, mtoe mchokozi, si aliyeumia. Mchokozi akirudi baada ya siku tatu hukuta kiti chake kimekaliwa.

Hapo vua pete ndogo uvishe kubwa zenye rangi mpya, andika ukurasa mpya, na jina la mama juu. Kati ya wiki ya 20 na ya 26 mmoja wao ataanza kuzungukazunguka viota, akichungulia na kulia kwa sauti ya chini. Yai lake la kwanza ni dogo, pengine na doa la damu kwenye ganda. Lipike. Tarehe yake iandike.